Kumtembelea Mwanao Msanii Unguja: Hesabu ya Mzazi wa Golden Valley

Mzazi wa Golden Valley, Minnesota, ambaye mwanawe anapiga muziki Unguja huanza hesabu kwenye nauli. Anafungua simu, anaandika Minneapolis, anaandika Zanzibar, kisha anazipanga tiketi kuanzia ya bei ya chini. Nauli ni mzigo mkubwa, sikatai. Ila swali linalotangulia ni jingine: wiki utakayofika, mwanao atakuwa na kazi gani? Msanii wa hoteli aghalabu hulipwa kwa usiku aliopiga. Ukitua tarehe ishirini Desemba, utamkuta ana shoo kila jioni hadi Mwaka Mpya, mchana amelala, nawe unakunywa chai peke yako. Ukitua Aprili utampata mchana kutwa, lakini huenda usimwone jukwaani hata mara moja.

Kwamba kijana aliyekulia huku kwenye theluji aende kutafuta riziki ya muziki Unguja si ajabu. Golden Valley yenyewe ina Perpich, shule ya sanaa ya jimbo iliyoko barabara ya Olson Memorial, inayochukua wanafunzi wa darasa la 11 na 12 bila ada. Mtoto aliyeshika fidla hapo, na nyumbani akasikia taarabu ya mama yake, anajua kuna mji ambako fidla ni chombo cha watu tangu zamani. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kimekuwapo tangu 1905, kile cha Culture tangu 1958, na Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianza 2002. Wanamuziki wa huko ni watu wa kazi. Mzazi akimtendea mwanawe kama mtu aliye likizoni, safari nzima inaharibika.

Basi tuanze na majira. Masika ni Machi hadi Mei. Vyumba hushuka bei, na hoteli kadhaa za pwani hufunga Aprili na Mei kwa ukarabati, kwa hiyo bendi nazo hukaa bila kazi. Julai na Agosti ni kipupwe, Wazungu wamejaa, bei ziko juu na wasanii wana kazi. Desemba hadi katikati ya Januari ndiyo ghali kuliko zote. Februari kuna Sauti za Busara, tamasha lililoanza 2004 na makao yake yakiwa Ngome Kongwe. Kwa mzazi ambaye mwanawe amepata nafasi pale, tiketi ya ghali ina maana yake. Lakini angalia Ramadhani. Kila mwaka inasogea nyuma kwa siku kumi au kumi na moja, na 2027 inatarajiwa kuanza wiki ya pili ya Februari, mwezi ukiandama. Muziki wa hadharani hupungua sana mwezi huo, na msanii hukosa kipato. Ukienda wakati huo, nenda kwa ajili ya futari na mazungumzo, usiende kwa ajili ya jukwaa.

Mimi napendelea wiki mbili za mwanzo wa Juni, au Oktoba. Mwanzoni mwa Juni mvua imekwisha, hoteli zimefunguliwa, wageni wa Ulaya hawajamiminika, na bendi zimerudi kazini bila kuchoka. Oktoba ni hivyo hivyo kabla ya vuli. Kwa miezi hiyo unamwona mwanao akipiga, na bado anabaki na siku za kukaa nawe.

Sasa njia. Kutoka uwanja wa Minneapolis hakuna ndege ya moja kwa moja kwenda Afrika, kwa hiyo lazima ubadilishe. Njia ya kwanza ni Delta na KLM kupitia Amsterdam hadi Dar es Salaam, halafu boti. Ya pili ni kupitia Amsterdam au Paris mpaka Nairobi, kisha Kenya Airways hadi Unguja. Ya tatu ni kwenda Chicago ukapande Qatar, Ethiopian au Turkish, na mashirika haya matatu yanatua Unguja penyewe, uwanja wa Abeid Amani Karume. Ratiba hubadilika kwa msimu, hivyo thibitisha kabla ya kulipa.

Kinachowaponza wengi ni tiketi mbili tofauti: ya kufika Chicago wameinunua peke yake, ya kwenda Unguja peke yake, kwa kuwa jumla inaonekana pungufu kwa dola mia moja na kitu. Januari theluji ikifunga uwanja wa Minneapolis na ukaikosa ndege ya Chicago, shirika la pili halina wajibu wowote kwako. Umechelewa, tiketi imekufa. Tiketi moja yenye safari zote ndani yake humlazimisha aliyekuuzia akutafutie ndege nyingine. Ukitaka sana kutumia bei ya Chicago, basi nenda siku moja kabla. Kuna treni kutoka Union Depot ya Saint Paul, ikiwemo Borealis iliyoanza Mei 2024. Ila jumlisha na hoteli ya usiku huo, na mara nyingi ile nafuu huisha papo hapo.

Hesabu ya boti nayo ifanye vizuri. Boti ya kasi kutoka Dar hadi Unguja ni kama saa mbili, na mgeni hulipa kama dola 35 daraja la kawaida. Mkaazi analipa bei ya chini kwa mbali. Pale dirishani hawasikilizi Kiswahili chako, wanaangalia pasipoti. Mama aliyezaliwa Tanga, mwenye pasipoti ya Marekani, atalipa ya mgeni, na mwanawe mwenye kibali cha ukaazi atalipa ya mkaazi, nao wamesimama foleni moja. Zaidi ya hapo, ndege ikitua Dar usiku, boti za siku hiyo zimekwisha. Ongeza chumba cha Dar, teksi ya kwenda chumbani, na teksi ya bandarini asubuhi. Kwa watu wawili wenye mabegi manne, tiketi ya kutua Unguja moja kwa moja huwa na faida hata ikizidi kwa dola 150. Mabegi manne kuyapitisha gatini, wachukuzi wakiyang'ang'ania, si kazi ya mzee wa miaka sabini aliyetoka safari ya siku nzima.

Kwenye karatasi ndiko pesa zinakookolewa bila jasho, na ndiko wengi wanakozipoteza. Mwenye pasipoti ya Marekani anatakiwa kulipa viza ya dola 100, inayoruhusu kuingia mara nyingi ndani ya miezi kumi na miwili. Mataifa mengi mengine hulipa 50. Mkenya na Mganda hawalipi viza. Sasa, Kenya imeruhusu uraia pacha tangu Katiba ya 2010, na Uganda nayo inaruhusu. Kwa hiyo mzazi Mkenya wa hapa aliyechukua uraia wa Marekani, akiwa na pasipoti hai ya Kenya, aingie Unguja nayo na aweke dola 100 mfukoni. Asisahau tu kwamba kutoka na kurudi Marekani lazima atumie ya Marekani. Kama pasipoti ya Kenya imeisha muda, anza kuihuisha miezi kadhaa kabla. Mtanzania hana mlango huo: Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na aliyekula kiapo cha uraia hapa, akiingia kwa viza, analipa 100 kama mgeni yeyote. Inauma kulipa viza kuingia ulikozaliwa, lakini iingize kwenye hesabu mapema. Ombi la viza lifanye kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji yenyewe. Zipo tovuti za mawakala zilizopambwa zikafanana na ya serikali, nazo huongeza ada yao juu.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kila mgeni kutoka nje anayeingia Zanzibar hukata bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, kwa kawaida dola 44 kwa mtu mzima, hata kama ana bima nyingine. Wengine hudhani sasa wamekingwa kwa kila jambo. Bima hiyo ni ya ukiwa visiwani. Haikurudishii nauli ukivunjika mguu kwenye barafu wiki moja kabla ya kuondoka. Na kwa wazee walio kwenye Medicare ya kawaida, jueni kwamba kwa jumla hailipi matibabu nje ya Marekani. Kama mzazi ana kisukari au ugonjwa wa moyo, bima ya safari inayolipia kumrudisha nyumbani kwa ndege si anasa.

Afya haina njia ya mkato. Sisi tuliozaliwa Afrika Mashariki huamini malaria inatujua. Kinga ile hupotea mtu akikaa huku miaka, na wagonjwa wengi wa malaria wanaogunduliwa Minnesota ni wasafiri waliokwenda kuona ndugu. Unguja malaria ni kidogo kuliko bara, lakini ipo. Mwulize daktari dawa ya kinga na uombe ile isiyo na jina la kampuni, kwani bei hutofautiana sana. Chanjo ya homa ya manjano ni suala la njia uliyochagua: ukipitia Doha, Istanbul au Amsterdam haidaiwi, ila ukikaa zaidi ya saa kumi na mbili Addis Ababa au Nairobi utaulizwa cheti. Kwa kuwa chanjo hiyo Marekani huweza kuzidi dola 200 na bima nyingi haziilipii, tiketi ya bei rahisi yenye kulala Addis inaweza kuwa ndiyo ghali.

Tukifika kwenye malazi, kigezo ni usiku. Mwanao anapigia wapi? Kama ni Mji Mkongwe, nyumba ya wageni ya Malindi au Kiponda inatosha, na mnarudi kwa miguu. Kama ni Nungwi, kutoka mjini ni kama kilomita 60. Mchana daladala namba 116 inakufikisha kwa pesa kidogo. Shoo inaisha saa nne au saa tano usiku, daladala hakuna, na unabaki na teksi. Teksi ya usiku kutoka Nungwi mara tano ndani ya wiki mbili hula pesa zote ulizookoa kwa kulala mjini. Panga chumba karibu na jukwaa, hata kiwe cha kawaida, na mjini uende mchana. Mwanao naye aulize kazini kwake kama kuna bei ya jamaa wa wafanyakazi, apewe jibu kwa maandishi likieleza kama kodi za serikali zimo ndani. Kulala chumbani kwake ni bure kama anapangisha mtaani, Kikwajuni au Jang'ombe. Kama anakaa nyumba ya wafanyakazi, usimwombe. Mgeni wa kulala humo huweza kumtia matatani.

Pesa ya matumizi ibadilishe kuwa shilingi, kwani tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zimepiga marufuku bei za ndani kwa fedha za kigeni. Dola za akiba ziwe noti mpya. Za kabla ya 2006 hukataliwa kwenye maduka mengi ya kubadilishia.

Kwenye begi, punguza fulana na viatu. Muulize mwanao chombo chake kinahitaji nini. Hewa ya chumvi hula nyuzi za fidla. Uzi wa kwanza, ule mwembamba, hushika kutu ukaanza kukwaruza kidole, kisha ukakatika katikati ya wimbo, na dukani pale kuupata ulio mzuri ni kazi. Seti sita za nyuzi na vipande viwili vya ulimbo wa upinde havijazi hata mfuko wa koti, na kwa msanii vina thamani kuliko kilo 23 za nguo.

Limebaki swali ambalo wazazi hulikwepa: kwa nini yeye asije? Chukua mfano. Nauli iwe 1,500. Wazazi wawili wenye pasipoti za Marekani, pamoja na viza na bima ya Zanzibar, ni 3,288 kabla ya kitanda. Mtoto akija mwenyewe ni 1,500, hana viza wala bima ya Zanzibar. Tuseme anapata dola 40 kwa usiku na akose usiku kumi na mbili, yaani 480. Jumla ni 1,980, na analala chumba chake cha zamani. Kwa wazazi wawili, kumleta ni nafuu kwa mbali. Kwa mzazi mmoja anayelipa chumba cha dola 40 usiku kumi na nne, safari ni 2,204, na tofauti imebaki ndogo. Tena kuna kitu hesabu hii haikioni: bendi ya hoteli haikai bila mpiga fidla wiki mbili. Wanamwita mwingine, na huyo mwingine huweza kubaki.

Kwa hiyo ninashauri mzazi aende, akiweza hata mara moja, na aende mmoja kama pesa hazitoshi wawili. Kabla hujabonyeza kulipa, mwombe mwanao akutumie ratiba ya mwezi mzima, usiku wa kazi na siku za mapumziko, iliyokubaliwa na kiongozi wa bendi. Zikiwemo siku nne za mapumziko ndani ya wiki mbili, nunua. Zisipokuwemo, sogeza tarehe.