Istanbul: Chai kwanza, hesabu baadaye

Neno la kwanza linalomshtua Mtanzania anapoingia dukani Istanbul ni “merhaba”. Kwa Waturuki ni salamu ya yeyote kwa yeyote, lakini masikioni mwa aliyelelewa na shikamoo ni kama mwenye duka ameitikia kabla ya kuamkiwa. Mengine yanafuata: duka ni dükkan, sabuni ni sabun, saa ni saat. Na hesabu, neno ambalo mfanyabiashara atalihitaji kuliko yote, ni hesap. Lugha zote mbili ziliyachota kwa Waarabu.

Mji huu wa watu zaidi ya milioni 15 umekalia mabara mawili, na wakazi wake huvuka Ulaya na Asia kwenda kazini kama watu wa Kigamboni wanavyopanda pantoni. Feri ya Eminönü hadi Kadıköy huchukua kama dakika 20. Mwenye haraka hupita chini ya bahari kwa treni ya Marmaray iliyofunguliwa mwaka 2013, ila atakosa chai ya kwenye feri na ndege wa baharini wanaovizia simit, mkate wa duara wenye ufuta.

Watalii hujazana Kapalıçarşı, soko la kale lenye paa na mitaa zaidi ya 60. Wanunuzi wa Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo hawana shughuli nyingi huko. Wao huenda Laleli, mwendo mfupi kwa miguu.

Laleli ilinenepa baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, Warusi walipomiminika na masanduku kununua nguo, na mabango ya Kirusi bado yapo madukani. Hapa gauni haliuzwi moja moja. Huuzwa kwa seri, yaani fungu la saizi tofauti za mshono mmoja, hivyo mama ambaye wateja wake ni wanene hulazimika kubeba na saizi ndogo. Kisha mzigo hupimwa kwa kilo kwenye ofisi za kargo, na faida huanza kupungua hapo hapo.

Wengi nyumbani hudhani lira ikianguka mzigo huwa rahisi. Mwanzoni mwa 2021 dola moja ilikuwa kama lira 7. Mwishoni mwa 2023 ilikaribia 30. Lakini muuzaji wa jumla Laleli hutaja bei kwa dola, na mfumuko wa bei, uliopita asilimia 85 Oktoba 2022, umempandishia kodi ya duka na ujira wa mafundi. Gharama hiyo humfikia mnunuzi, ambaye hoteli na chakula navyo vimempandia.

Hata hivyo chai huja kabla ya bei, ya rangi, kwenye bilauri ndogo ambazo Mzanzibari angeziita istikani. Ukarimu huo ni wa kweli, na ni biashara pia. Lugha ikigota, kikokotoo cha simu huzungumza: mnunuzi anaandika bei yake, muuzaji anaifuta na kuandika yake, kisha anaagiza chai ya pili.