Mlima wa Sinema na Mlima wa Kweli

Jioni moja tuliketi katika kibanda cha video hapa Makere, wilayani Kasulu, kando ya barabara iendayo Kibondo, tukatazama pamoja na vijana wengi filamu ya Marekani iitwayo Vertical Limit, iliyotolewa mwaka 2000. Inasimulia habari za watu walionaswa ndani ya barafu ya mlima K2, wenye kimo cha mita 8,611, na wenzao waliokwenda kuwaokoa wakiwa na baruti ya maji migongoni. Shujaa alikimbia, akaruka ufa mpana, akanasa ukuta wa pili kwa mashoka mawili. Vijana wakapiga makofi. Mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango akauliza, "Chakula chao amebeba nani?" Hakuna aliyemjibu.

Swali lile lilitufaa kuliko filamu yenyewe. Watu wa Buha, ambao wazee wao walitembea hadi Tanga kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, wanaujua mzigo. Mama apandaye kwenda Heru Juu na mihogo kichwani hakimbii. Hupiga hatua fupi, hunyamaza, hutunza pumzi. Ndugu zetu wa Unguja, ambao kilima chao cha Masingini hakifiki mita 150, hawana lawama wakiamini wanachoonyeshwa, kama sisi wa huku tunavyoamini kila tuambiwalo juu ya nyangumi.

Ukweli wa mlima mrefu ni pumzi. Kileleni Kibo, mita 5,895 juu ya bahari, mtu avutapo pumzi hupata karibu nusu tu ya oksijeni ambayo angeipata akiwa Forodhani. Ndiyo maana wapandao kwa njia ya Marangu hulala Mandara, mita 2,720, kisha Horombo, 3,720, kisha kituo cha Kibo, 4,720, na kuondoka huko karibu na usiku wa manane wakienda polepole mno. Aharakishaye huumwa kichwa na kutapika. Akishupaa, mapafu yaweza kujaa maji au ubongo kuvimba. Dawa kubwa ni kumteremsha upesi. Kwa haki, Vertical Limit haikuficha maradhi hayo ya mapafu. Lakini wagonjwa wake wanagombana kwa sauti mahali ambapo mtu mzima wa afya huhema baada ya kila hatua.

Cliffhanger ya mwaka 1993 ilivuka mpaka zaidi. Milima ya Italia ilifanywa kuwa ya Colorado, Sylvester Stallone akatembea thelujini na fulana, na jabali likapigwa misumari kwa bunduki kana kwamba ni ubao wa seremala. Ama Kilimanjaro yetu, katika The Snows of Kilimanjaro ya mwaka 1952, ilifanywa pazia tu: Gregory Peck analala kitandani na jeraha lake, na mlima uko nyuma yake. Everest ya mwaka 2015, juu ya dhoruba ya Mei 1996 iliyoua watu 8, ni ya kweli zaidi, kwani inaonyesha jinsi kuchelewa kurudi kunavyoua. Hata hivyo Masherpa, wenyeji wa milima ile na wabebaji wa mizigo yake, wamebaki pembeni.

Hapo ndipo lilipo kosa tunaloliona kubwa kuliko ya bunduki na fulana. Dunia inakumbuka kwamba Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889. Ni wachache nje ya Marangu wanaomjua Yohani Kinyala Lauwo, anayekumbukwa huko kuwa kiongozi wao wa njia. Leo pia mgeni mmoja hupanda akifuatwa na wapagazi kadhaa wenye mahema, maji na vyakula, na kwa kanuni za hifadhi mzigo wa kila mmoja haupaswi kuzidi kilo 20. Wao hutangulia kambini wageni wakiwa bado njiani.

Tangu filamu ya The Royal Tour ya mwaka 2022, viongozi wetu wa bara na visiwani wanajua nguvu ya picha katika kuita wageni. Basi wale watoao vibali vya kupiga picha mlimani wangewauliza waombaji, pamoja na mengine, ni nani atakayeonekana akibeba. Maana mgeni aliyefundishwa na sinema kwamba mlima hushindwa kwa ukaidi huficha maumivu ya kichwa hadi miguu imkatae. Hapo huletwa machela ya chuma yenye gurudumu moja, na wapagazi humshika huku na huku, wakiteremka naye mbio juu ya mawe gizani. Machela hiyo hatujaiona katika filamu yoyote kati ya hizo.