Selimundu: Kwa Nini Ndugu Wawili Hawaugui Sawa

Katika familia zetu hutokea jambo linalowatatiza wazazi. Watoto wawili wa baba mmoja na mama mmoja wana selimundu. Mmoja hulazwa kila mara, mwenzake huhudhuria shule karibu mwaka mzima. Hapo maneno huanza: jicho baya, laana ya ukoo, dhambi ya mama. Wanafunzi walimwuliza Bwana swali la namna hiyo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, naye alilikataa.

Mtoto huugua selimundu akirithi kinasaba chenye kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Wazazi wenye nakala moja moja kwa kawaida hawaugui, lakini katika kila mimba uwezekano wa kumpata mtoto mgonjwa ni mmoja kati ya minne. Hata hivyo kinasaba hicho hakifanyi kazi peke yake. Vipo vingine, vikiwemo vile viitwavyo HLA, vinavyousaidia mwili kutambua vijidudu. Ndugu wa tumbo moja hulingana kikamilifu katika hivyo mara moja tu kati ya nne. Watafiti wamehusisha baadhi ya aina zake na kiharusi cha utotoni kwa wenye selimundu, ingawa matokeo ya tafiti hayajakubaliana. Mama hachagui lolote kati ya hayo.

Kinachowaunganisha watoto hawa ni bandama, kiungo kinachochuja vijidudu katika damu. Chembe zilizopinda kama mundu huziba mishipa yake midogo, na kwa wengi hudhoofika mapema sana, pengine kabla ya mwaka wa kwanza kuisha. Ndipo bakteria wa nimonia wanaweza kumwua mtoto kwa saa chache. Kwa sababu hiyo hupewa chanjo, na penisilini kila siku tangu miezi 2 au 3 hadi miaka 5. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba dawa hiyo, ya bei nafuu kabisa, ilipunguza maambukizi hayo kwa asilimia 84.

Basi homa ya mtoto huyu ni dharura, hata usiku wa manane, hata akiwa bado anacheza. Sisi mapadre tukipigiwa simu tumwombee, tunawasihi wazazi waanze kwanza safari ya hospitali, tutawakuta wodini. Na kama mtoto hajabatizwa na hali ni mbaya, muuguzi aweza kumbatiza huko huko.