Dawa ya oili haiongezi hewa mlimani

Dawa ya oili ni kimiminika cha kopo au chupa ndogo kinachoongezwa kwenye oili ambayo tayari imo ndani ya injini. Wenye magari Mbeya na Iringa huinunua gari linapoanza kula oili, linapotoa moshi wa bluu au linapokosa nguvu mlimani.

Oili ya dukani haiji tupu. Kiwandani huchanganywa na kemikali za kusafisha uchafu, kuzuia povu na kutu, kutunza uzito wake injini ikichemka, na kulinda vyuma visilane. Mchanganyiko huo hupimwa ukiwa kamili ndipo oili ipewe daraja, mfano API SP kwa injini za petroli au CI-4 kwa za dizeli. Anayeongeza kopo jingine anavuruga vipimo vilivyokwisha kupimwa. Ndiyo maana vitabu vya magari ya Honda husema injini zao hazihitaji nyongeza yoyote.

Kukosa nguvu ndiko kunakowapotosha wengi. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500. Huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Gari lililokuwa jepesi Dar es Salaam huonekana limechoka likifika Uyole, Mbeya, ilhali halina ugonjwa. Hakuna kinachomiminwa kwenye oili kitakacholiongezea hewa.

Moshi wa bluu ni jambo jingine: hapo oili inaungua kweli, na mlima Kitonga, kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Iringa, huonyesha inapopitia. Dereva anayeteremka kwa gia ndogo, mguu ukiwa nje ya mafuta, huifanya injini ya petroli ivute kwa nguvu. Kama sili za vali zimechakaa, oili hunyonywa humo, na akikanyaga mafuta kule chini wingu hutoka nyuma. Moshi usiokatika wakati wa kupanda huelekeza kwenye ringi za pistoni. Sili za vali hubadilishwa bila kushusha injini nzima. Ringi ni kazi kubwa zaidi, na hapo ndipo kopo la bei nafuu hushawishi.

Makopo mengi ya kuzuia moshi hufanya jambo moja tu, kuifanya oili iwe nzito. Moshi hupungua kwa muda, lakini ringi hubaki zilivyo. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Mbeya inapoteremka chini ya nyuzi 10, oili hiyo nzito huchelewa kupanda juu ya injini, na vyuma husagana vikavu kila gari linapowashwa. Wapo pia wauzaji wa magari wanaomimina kopo mnunuzi akiwa njiani kuja. Gari la mtumba likaguliwe na fundi asiyefahamiana na muuzaji.

Madai ya makopo yameshafikishwa mbele ya sheria. Mwaka 1995 kampuni iliyomiliki dawa ya oili ya STP ilikubali kulipa faini ya dola 888,000 katika shauri la Tume ya Biashara ya Marekani kuhusu matangazo yake. Mwaka 1997 wenye Slick 50, dawa yenye kemikali ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha, nao wakafikia makubaliano na tume hiyo baada ya kushtakiwa kwa madai yasiyo na ushahidi.

Bodaboda wana hatari yao. Klachi ya pikipiki nyingi huogelea kwenye oili ileile ya injini, hivyo dawa ya kulainisha huifanya iteleze. Pikipiki hizo hutaka oili yenye alama ya JASO MA, basi.

Kopo la kulainisha sili zilizokakamaa linaweza kupunguza uvujaji mdogo kwenye gari kuukuu ambalo mwenyewe hana mpango wa kulifungua injini. Zaidi ya hapo, pesa hiyo inunue oili ya uzito uliotajwa kwenye kitabu cha gari pamoja na filta mpya, ibadilishwe kwa wakati, na kiasi chake kipimwe kabla ya kuianza Kitonga.