Mtoto wa mbwa ao mbwa mkubwa: tuchague yupi kwa kulinda mbuzi na depo?



Kila mara tunapopita kwenye makundi kwa mkutano, swali hili linarudi. Mahindi yameingia depo, mbuzi wamezaa, na wezi wanaanza kuzunguka usiku. Watu wanasema: "Tutafute mbwa." Hapo mabishano yanaanza. Wengine wanataka mtoto wa mbwa, juu anapatikana bure ao kwa bei ndogo, na atakomaa akiwajua. Wengine wanacheka: "Huyu mutoto ya imbwa atalinda nini? Ye mwenyewe anaogopa kuku!" Hao wanataka mbwa mkubwa aliyekwisha kujua kazi.

Pande zote mbili ziko na sababu. Na sisi tumekwisha kukosea pande zote mbili. Leo tunaeleza kazi iliyo ndani ya kila chaguo, ili koperative yenu ipige hesabu mbele ya kuleta mnyama, si nyuma.

Makosa yetu mawili

Mara ya kwanza tulishauri kundi moja la wafugaji wa mbuzi wachukue watoto wawili wa mbwa. Walichukuliwa hawajafikisha wiki tano, juu mwenye kuwatoa alikuwa na haraka. Mmoja alianza kuhara damu, akakufa kwa siku tatu. Mwingine alipona, lakini wakati wa mavuno alikuwa bado mdogo. Wezi walipita, yeye akalala. Mama mmoja wa kundi akatuuliza: "Mulituletea mulinzi ao mutoto wa kulea?" Hatukuwa na jibu.

Mara ya pili tulikubali kundi lingine lipokee mbwa mkubwa kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama. Mbwa mzuri, sauti nzito. Hatukuuliza aliishi namna gani kule alikotoka. Juma la kwanza aliua kuku wa jirani. Juma la pili alimuuma mtoto wa mlinzi wa depo kwenye mkono, juu mtoto alipita karibu na sahani yake. Hakuna aliyekuwa na karatasi ya chanjo ya yule mbwa. Mtoto aliwahishwa kituo cha afya, lakini dawa ya chanjo haikuwa pale. Ikabidi kumpeleka mjini na pikipiki, na franga zikatoka katika sanduku la koperative. Yule mtoto ni mzima leo. Lakini zile siku za kungojea, wazazi wake hawajazisahau, na sisi pia.

Kumlea mtoto wa mbwa: kazi yake ni ipi?

Kwanza ni umri. Msimchukue mbele ya wiki 8. Ndani ya wiki hizo ananyonya, na anajifunza kwa mama yake na ndugu zake kwamba kuuma kwa nguvu kunaumiza. Anayetolewa mapema anakuwa dhaifu, na mara nyingi meno yake hayana adabu.

Pili ni mazoea. Tangu wiki 3 mpaka karibu wiki 14, akili ya mtoto wa mbwa iko wazi. Kitu anachokutana nacho kwa utulivu wakati huo, hatakiogopa wala kukifukuza akiwa mkubwa. Kama mnataka alinde mbuzi, alale karibu na kibanda cha mbuzi, awasikie na kuwanusa kila siku. Azoee pia watoto, pikipiki na watu wanaobeba mizigo. Hii ndiyo faida kubwa ya kuanza na mdogo, na haigharimu hata franga moja. Inaomba tu muda wa mtu. Mkimfungia peke yake nyuma ya nyumba mpaka miezi sita, faida hiyo imepotea.

Tatu ni chakula. Mpaka karibu miezi 4 anakula mara tatu ao nne kwa siku, kidogo kidogo. Kisha mara tatu mpaka miezi 6, na nyuma ya hapo mara mbili zinatosha. Bugali peke yake inamjaza tumbo lakini haimjengi mwili. Muongezee ndagala, maharagi yaliyoiva vizuri ao mabaki ya nyama. Msimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, juu inapasuka kama sindano ndani ya tumbo, wala kitunguu, ambacho kinaharibu damu ya mbwa.

Ine ni minyoo. Mtoto wa mbwa anaweza kuzaliwa nayo tayari, juu mama anampa tangu tumboni na tena ndani ya maziwa. Mkiona tumbo kubwa na mbavu nje, msiseme ameshiba. Anaombwa dawa kila wiki mbili tangu wiki 2 mpaka wiki 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Mayai ya minyoo hiyo yanatoka na mavi, yanakaa ndani ya udongo, na watoto wetu wanaocheza chini wanayapeleka mdomoni. Basi okoteni mavi na kuyafukia mbali, na watoto wanawe mikono.

Tano ni meno. Kufikia mwezi wa 4 meno ya maziwa yanaanza kuanguka, na kufikia mwezi wa 7 anakuwa na meno yote 42. Miezi hiyo atatafuna kandambili, kamba na mifuko ya mbegu. Si ubaya, ufizi unamuwasha. Mpeni kipande cha mti mgumu, na mifuko muipandishe juu.

Mwisho ni kungojea. Wengi wanaanza kubweka kwa maana wakiwa na miezi 6 ao 8, lakini mlinzi wa kutegemewa anaonekana akiwa na mwaka mmoja ao mwaka na nusu. Hesabuni na misimu yetu. Mtoto wa mbwa aliyezaliwa mwezi wa kwanza hatalinda mavuno ya mwezi wa sita. Anawekwa kwa ajili ya mwaka unaofuata.

Kumpokea mbwa mkubwa: kazi yake ni ipi?

Mbwa mkubwa mnamuona jinsi alivyo. Urefu, sauti, moyo, vyote viko mbele ya macho. Anakula mara mbili, hatafuni tena viatu, na akizoea anaweza kuanza kazi ndani ya miezi miwili ao mitatu. Kwa koperative iliyo na haraka, hiyo ni faida ya kweli. Lakini anakuja na historia yake, na hawezi kuwasimulia. Ulizeni ninyi, mbele ya kumpokea:

1. Juu ya nini mwenyewe anamuachilia?
2. Alikwisha kumuuma mtu? Alikwisha kuua kuku ao mbuzi?
3. Aliishi pamoja na watoto?
4. Alichanjwa lini, na karatasi iko wapi?
5. Ni jike? Je, iko na mimba?

Swali la tano wengi wanalisahau. Mbwa jike anabeba mimba karibu siku 63, na mnaweza kulipia mlinzi mmoja mkajikuta na midomo saba.

Angalieni meno pia. Meno meupe na makali ni ya mbwa kijana. Yaliyolika na yenye rangi ya njano yanaonyesha miaka mingi, hata kama muuzaji anaapa kwamba ana miaka miwili. Na ombeni kumuona akipita karibu na mbuzi, amefungwa kamba. Akikaza macho na kuvuta kwa nguvu bila kusikia mtu, si mbwa wa kazi yenu.

Msichague pia kwa sura tu. Kuko mbwa wa kuwinda wa misitu yetu, ambaye ngʼambo wanamuita Basenji. Ni mwepesi na mwenye akili, lakini habweki kama wengine. Ndiyo maana wawindaji wanamfunga kengele ya mti shingoni. Porini ni fundi, lakini depo inaomba mbwa wa kupaza sauti.

Nyuma ya kumpokea, wiki mbili ao tatu za kwanza akae kwenye kamba ndefu ao ndani ya uzio, juu atajaribu kurudi kwao. Mtu mmoja amlishe kila siku, saa ileile. Asubuhi na jioni amtembeze kwenye mipaka ya shamba na kuzunguka depo. Siku za kwanza anaweza kukataa chakula ao kujificha, na hiyo ni woga. Msimpige. Watoto wasimkaribie akiwa anakula ao amelala.

Wazee wanasema samaki mkunje angali mbichi. Ni kweli, lakini mbwa si samaki. Mbwa wa miaka mitatu bado anajifunza, mradi kuko uvumilivu na sheria moja kwa wote. Kama baba anamkataza kuingia jikoni na watoto wanamuita ndani, kosa si lake.

Kichaa cha mbwa hakiulizi umri

Hapa hatutanii. Watu wengi wanadharau jino la mtoto wa mbwa: "Ni mudogo, alicheza tu." Lakini hata mdogo anaweza kuwa na ugonjwa huu. Karibu watu wote wanaokufa na kichaa cha mbwa duniani, mpaka 99 kwa mia, waliupata kwa mbwa. Na dalili zikiisha kutokea kwa mtu, karibu hakuna anayepona.

Mtu akiumwa ao kukwaruzwa, oshea kidonda na sabuni na maji ya kutiririka kwa dakika 15 nzima. Msitie pilipili, majivu wala mafuta. Siku ileile aende kituo cha afya aulize chanjo. Mbwa, kama inawezekana bila hatari, afungwe na kuangaliwa siku 10. Akiwa bado mzima nyuma ya siku hizo, hakuwa na hatari siku alipouma. Lakini msingoje siku 10 ndipo mtafute chanjo ya mtu.

Mbwa mdogo anachanjwa akifikisha miezi 3, kisha anarudiliwa kadiri ya veterinere atakavyosema. Mbwa mkubwa asiye na karatasi, hesabuni kwamba hajachanjwa. Wataalamu wanasema mbwa 70 kwa mia wakichanjwa katika kijiji, ugonjwa unakosa njia. Kijiji chenye mbwa 40 kinaombwa basi kichanje angalau 28. Mtu mmoja hawezi, lakini koperative inaweza. Tarehe 28 mwezi wa tisa ni siku ya dunia ya kupigana na kichaa cha mbwa. Ulizeni mapema kwa veterinere wa eneo lenu kama kuko kampeni.

Basi, yupi?

Kama mko na mwaka wa kungojea, mtu wa kukaa nyumbani mchana, na chakula cha kumuongezea, chukueni mtoto wa mbwa wa wiki 8. Mtamfundisha kupenda mbuzi wenu tangu mwanzo. Kama mavuno yako mlangoni, na mmepata mbwa mkubwa ambaye mwenyewe amejibu maswali yote matano bila kuficha, chukueni huyo. Kama hakuna aliyekubali kazi ya kumlisha na kumtembeza, msichukue yeyote. Tieni kufuli nzuri na mpange zamu ya usiku.

Kabla ya kuamua, andikeni katika daftari la koperative: nani anamlisha, nani analipa chanjo na dawa ya minyoo, na nani anajibu kama ameuma mtu. Majina matatu yakipatikana, leteni mbwa. Sisi tulileta mbwa mbele ya majina, na mtoto mmoja karibu alipe deni letu.

Tunawatakia mavuno mema na usiku wa utulivu.