Mamothi Walikula Nini?

Kaskazini ya mbali ina mifupa tele. Huko Alaska, Yukon ya Kanada na Siberia, mito inapomega kingo zake hufukua pembe za mamothi, mafuvu ya baisani na taya za farasi wa enzi ya barafu. Wanyama wakubwa namna hiyo walihitaji malisho ya kutosha kila siku. Lakini watafiti walipotoboa matope ya maziwa ya eneo hilohilo na kutafuta chavua ya mimea ya wakati ule, waliambulia kidogo mno. Mifupa ilisema palikuwa na malisho. Matope yalisema palikaribia kuwa jangwa. Ubishi huo uliwagawa wanasayansi kwa miongo kadhaa.

Chavua ni ule unga wa maua unaobebwa na upepo au wadudu. Punje zake nyingi hazifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, lakini ganda lake limeundwa kwa sporopolenini, mojawapo ya vitu vigumu kuoza kuliko vyote vinavyotengenezwa na viumbe hai. Punje ikiangukia ziwani huzama, ikafunikwa na tope, na mahali pasipo na oksijeni hudumu maelfu ya miaka. Kila mwaka tabaka jipya hulala juu ya lile la zamani. Tena kila jamii ya mimea ina umbo lake: chavua ya msonobari ina vifuko viwili vya hewa pembeni, ya nyasi ni duara lenye tundu moja, ya pakanga ina mifereji mitatu.

Kazi ya kuchukua tope hilo mara nyingi hufanyika kabla barafu ya ziwa haijayeyuka, kwa sababu juu yake watu na vifaa husimama imara. Tundu hutobolewa, bomba hushushwa hadi kwenye tope, na mche wa mashapo huvutwa juu. Katika maabara, kiasi kidogo cha tope huchemshwa katika asidi. Asidi ya hidrokloriki huondoa chokaa. Ya hidrofloriki, ambayo ni hatari sana kwa mwili, huyeyusha mchanga. Chavua hubaki. Kisha mtu huketi mbele ya hadubini na kuhesabu, kwa kawaida punje 300 au zaidi kwa kila tabaka. Umri wa matabaka hupatikana kwa kupima kaboni-14, hasa katika vipande vya majani au mbegu.

Aliyeugeuza uhesabuji huo kuwa historia ya misitu ni mwanajiolojia wa Sweden, Lennart von Post. Mwaka 1916, katika mkutano mjini Kristiania, ambao leo ni Oslo, alionyesha michoro iliyofuatilia kupanda na kushuka kwa miti mbalimbali katika matabaka ya mboji. Alitumia asilimia: katika punje mia, ngapi ni za msonobari, ngapi za mbetula.

Asilimia ndizo zilizoleta utata. Chukua maziwa mawili ambayo kila moja lina asilimia 60 ya chavua ya nyasi. La kwanza linapokea punje 5,000 kwa kila sentimita ya mraba kwa mwaka. La pili linapokea 100 tu. Kwenye mchoro yanafanana, ilhali moja limezungukwa na mbuga na jingine na ardhi yenye vishungi vya nyasi hapa na pale. Katika miaka ya 1960, Mmarekani Margaret Davis, akichunguza ziwa Rogers huko Connecticut, alionyesha faida ya kukadiria idadi halisi ya punje zilizoanguka kila mwaka. Siku hizi watafiti huongeza kwenye sampuli vidonge vyenye idadi inayojulikana ya vijimbegu vya mmea mwingine, wakavitumia kama kipimo.

Uhesabuji huo wa idadi halisi ulipofika kaskazini, malisho ya mamothi yalitiliwa shaka zaidi. Mwaka 1980 Les Cwynar na J. C. Ritchie walitumia mashapo ya Yukon kuonyesha kwamba chavua ya enzi ya barafu ilikuwa haba, dalili ya mimea michache iliyotawanyika. R. Dale Guthrie, mtaalamu wa wanyama wa kale huko Alaska, hakukubali. Kwake mifupa ilikuwa ushahidi tosha wa mbuga kavu yenye malisho.

Kila upande ulikuwa na sehemu ya ukweli, kwa sababu chavua haisemi kwa haki sawa. Msonobari humwaga chavua nyingi inayopeperushwa mamia ya kilomita, hata ikatua kwenye ziwa lisilo na msonobari karibu. Mimea midogo inayochavushwa na wadudu hutoa kidogo, na sehemu ndogo sana ya hiyo hufika majini. Inaweza kufunika bonde zima na isionekane kabisa kwenye hesabu.

Mwaka 2014 timu iliyoongozwa na Eske Willerslev ilichapisha uchunguzi wa DNA ya mimea kutoka zaidi ya sampuli 200 za udongo wa Aktiki, zikichukua miaka 50,000. Ilibainika kwamba mimea midogo ya maua, yenye protini nyingi kuliko nyasi, ilikuwa sehemu kubwa ya uoto, na pia ilionekana katika mabaki ya chakula cha wanyama wakubwa wa wakati huo. Baada ya enzi ya barafu, tundra yenye unyevu na vichaka ikachukua nafasi ya uoto huo.

Utafiti huu una uhusiano na Afrika Mashariki. Daniel Livingstone, aliyechapisha mwaka 1955 uchunguzi wa chavua ya kaskazini mwa Alaska pamoja na maelezo ya bomba jepesi la kuchukulia mashapo, baadaye alitoboa ziwa Mahoma katika milima ya Ruwenzori nchini Uganda. Bomba la aina yake hutumiwa hadi leo. Hapa, hata hivyo, DNA haiwezi kutegemewa kama kule: katika maji ya joto huoza upesi, hivyo chavua imebaki shahidi mkuu wa misitu ya kale, na upungufu wake hulazimika kurekebishwa kwa ushahidi mwingine, kama vile mkaa wa mioto ya zamani na nta ya majani.