Nani Anakagua Fedha Unazotuma Nyumbani?

Sehemu ya fedha tunazotuma nyumbani huishia kwenye kikoba, SACCOS au benki ndogo ya mkoani. Tukipiga simu tunauliza riba na gawio. Nani anakagua vitabu, hatuulizi.

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki tano kwa mpigo: Covenant, Efatha, Njombe, Meru na ile ya ushirika ya wakulima wa Kagera. Sababu ilikuwa upungufu wa mtaji. Mtaji ni fedha za wenye benki, na mikopo isipolipwa, hasara hula fedha hizo kwanza. Zikiisha, inayofuata ni akiba ya mkulima. Kwa hiyo msimamizi makini hasubiri foleni mlangoni. Anadai mikopo chechefu itengewe fedha mapema, tena anafungua mafaili mwenyewe, kwa sababu ipo mbinu ya zamani ya kumpa mdaiwa mkopo mpya alipie ule wa kwanza. Kwenye taarifa anaonekana mlipaji mzuri kabisa.

Wateja wa benki hizo walikuwa na Bodi ya Bima ya Amana, lakini ukomo wa fidia wakati ule ulikuwa shilingi 1,500,000. Mwenye zaidi ya hapo alibaki kusubiri mali za benki ziuzwe.

Mwaka huohuo ilipitishwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, yenye madaraja manne: wanaopokea amana, wanaokopesha tu, SACCOS, na vikundi kama VICOBA. Watu wengi huizungumzia kwa sababu ya mikopo ya kausha damu, na kilio hicho ni cha haki. Ila kwangu kinga kubwa zaidi ni kwamba mkopeshaji wa daraja la pili haruhusiwi kupokea akiba za watu. Akianguka, haondoki na akiba ya mama yako.

Vikundi ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Bima ya amana haivifikii, na kinga yao ya miaka yote imekuwa sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa wanachama watatu, fedha zikihesabiwa mbele ya wote. Sasa michango mingi inapita kwenye simu, na mara nyingi inalala kwenye namba ya mweka hazina peke yake. Kabla hujatuma tena, uliza kama kikundi kimesajiliwa halmashauri, na laini hiyo imesajiliwa kwa jina la nani.